Uzi, rangi na joto: namna wamama wa Kilembwe wanavyoweza kufundisha habari za tabianchi

Mvua inapochelewa katika milima ya Fizi, maneno huanza mapema. Wengine husema ni dhambi za kizazi hiki. Wengine husema ni moshi wa vita. Wengine hushusha sauti na kutaja jina la bibi fulani anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, kwamba ndiye aliyefunga mvua. Sisi wa makanisa ya mashariki tunajua mnong'ono wa namna hiyo unaweza kufika wapi: nyumba kuchomwa, mjane kufukuzwa, hata mtu kuuawa.

Ndiyo maana kufundisha habari za tabianchi si kazi ya watu wa miji mikubwa peke yao. Mtu anayefahamu kwa nini joto linaongezeka hatamtafuta mwenye kosa katika nyumba ya jirani. Lakini tutafundishaje Kilembwe, katika sekta ya Lulenge, mahali ambapo vitabu ni vichache na wamama wengi hawakupata nafasi ya kumaliza masomo? Jibu moja liko mikononi mwa wamama hao hao: uzi, sindano na kitambaa.

Kwa nini kitambaa

Watu wetu wamezoea kusoma kitambaa. Mama akipita na kikwembe cha tarehe 8 Machi, hakuna anayeuliza anasherehekea nini. Kikwembe cha jubilei ya kanisa hutaja mwaka na neno la sikukuu, na miaka kumi baadaye bado kinatoa ushuhuda sokoni. Pwani ya Tanzania na Kenya, kanga ina jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake, na mwanamke anaweza kumjibu jirani kwa kanga bila kufungua mdomo. Kitambaa chenye habari si kitu kigeni kwetu.

Tena mafundi wapo. Wamama wa makanisa yetu hufuma vitambaa vya meza kwa kroshe, hudarizi mashuka, husuka mikeka na vikapo. Mkono uliozoea kuhesabu matundu ya kroshe unaweza kuhesabu miaka na digrii. Katika Biblia nao hawakosi: Kutoka sura ya 35 inawataja wanawake wenye hekima waliosokota nyuzi kwa ajili ya hema, na Matendo sura ya 9 inaeleza jinsi wajane walivyomwonyesha Petro nguo alizoshona Dorkasi.

Kuna faida nyingine. Grafu iliyochapwa kwenye karatasi inamfaa yule aliyefundishwa kuisoma. Kitambaa cha mita moja kikitundikwa ukutani, hata asiyejua herufi anaona rangi zikigeuka kutoka buluu hadi nyekundu. Na yule aliyekifuma hasahau, kwa sababu kila mwaka ulipita kwenye vidole vyake.

Mistari hii ilianzia wapi

Mwaka 2017, Ellie Highwood, mwanasayansi wa tabianchi katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alifuma blanketi kwa kroshe. Kila mstari ulikuwa mwaka mmoja wa joto la dunia, na rangi yake ilionyesha kama mwaka huo ulikuwa wa baridi au wa joto kuliko kawaida. Mwaka uliofuata, 2018, mwenzake wa chuo hicho, Ed Hawkins, alitoa picha za mistari ya rangi zisizo na namba wala maelezo: buluu upande wa miaka ya zamani, nyekundu upande wa miaka yetu. Picha hizo zimeenea duniani kote. Leo kuna mistari ya nchi nyingi sana, na nchi za Afrika zimo.

Nchini Marekani, katika jimbo la Washington, mradi unaoitwa Tempestry uliwaalika watu wafume kwa namna nyingine: mstari mmoja kwa kila siku, kufuatana na joto la juu la siku hiyo mahali pao, mpaka mwaka ukamilike. Kitambaa cha mwaka wa zamani kikiwekwa kando ya kitambaa cha mwaka wa karibuni, watu wanalinganisha kwa macho yao.

Angalieni kwamba blanketi la kufumwa kwa mkono lilitangulia ile picha iliyozunguka dunia. Kazi ambayo wengi wanaiita kazi ya wanawake tu ilitoa somo ambalo wataalamu wenyewe wameendelea kulitumia.

Namna ya kufuma kitambaa cha joto

Kwanza hutafutwa orodha ya joto la wastani la kila mwaka. Inaweza kuwa ya dunia nzima au ya nchi yetu. Kinshasa kuna METTELSAT, idara ya taifa ya hali ya hewa. Katika jimbo letu kuna kituo cha utafiti cha Lwiro, na pale Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji ya ziwa, CRH. Mwalimu mmoja mwenye simu anaweza pia kuipata orodha kwenye intaneti na kuinakili kwenye daftari. Ni lazima kuwaambia wanafunzi wazi kwamba vituo vya kupimia katika mashariki ya Kongo ni vichache. Kwa mahali pasipo na kituo, wataalamu hukadiria kwa kutumia vituo vya jirani na vyombo vya angani.

Pili huchaguliwa kipindi cha kulinganishia, kwa mfano miaka 30 tangu 1961 hadi 1990. Wastani wa miaka hiyo ndio tutauita kawaida. Kisha kila mwaka hulinganishwa nao, na kupewa rangi:

– buluu iliyokolea: mwaka uliokuwa chini ya kawaida kwa zaidi ya digrii 0.6;
– buluu nyepesi: chini ya kawaida kati ya digrii 0.3 na 0.6;
– nyeupe: mwaka usiopishana na kawaida hata digrii 0.3;
– rangi ya machungwa: juu ya kawaida kati ya digrii 0.3 na 0.6;
– nyekundu: juu kati ya digrii 0.6 na 0.9;
– damu ya mzee: juu kupita digrii 0.9.

Tatu ni kufuma. Kutoka 1901 hadi 2024 kuna miaka 124. Mstari mmoja ukiwa na upana wa sentimita moja, kitambaa kitakuwa na urefu wa sentimita 124, karibu sawa na kitambaa cha kumfunikia mtoto mgongoni. Pasipo na uzi mpya, sweta kuukuu hufumuliwa na uzi wake kuoshwa. Pasipo na uzi kabisa, mafundi cherehani wana vipande vya vitenge wanavyovitupa. Hivyo huunganishwa kwa mkono, kipande kimoja kwa mwaka mmoja. Wasukaji wa mikeka nao wanaweza kutumia ukindu uliotiwa rangi.

Inafaa kazi igawanywe. Kila mama achukue miaka kumi, na aanze na ile anayoikumbuka yeye au mzazi wake: mwaka alioolewa, mwaka wa uhuru, mwaka wa kukimbia, mwaka wa kurudi. Vipande vikiunganishwa, historia ya familia na historia ya joto zinakaa kwenye kitambaa kimoja.

Mstari mmoja si kitambaa kizima

Hapa ndipo somo lenyewe linapoanza. Mtoto atauliza: mbona mwaka huu ni mwekundu, na ule unaofuata umerudi nyeupe? Hilo ni swali zuri. Hali ya hewa ni kile tunachokiona leo na kesho: mvua, jua, upepo, ukungu wa asubuhi. Tabianchi ni desturi ya hali ya hewa kwa miaka mingi. Wataalamu huhesabu kwa kawaida miaka 30. Mstari mmoja ni mwaka. Kitambaa kizima ndicho tabianchi. Mwaka mmoja wa baridi haufuti kitambaa, na mwaka mmoja wa joto hautoshi kukitengeneza.

Tukikitazama kitambaa cha dunia kwa ujumla wake, hakuna ubishi. Kufikia mwisho wa 2024, miaka 10 tangu 2015 hadi 2024 ilikuwa ndiyo miaka 10 yenye joto kubwa zaidi tangu vipimo vilipoanza, na 2024 uliipita yote. Katika mwaka huo joto la dunia lilizidi kwa takriban digrii moja na nusu lile la miaka 1850 hadi 1900. Digrii moja na nusu ni kitu kidogo kwa sufuria ya bugali. Kwa mwili wa mtu, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mzima na mwenye homa.

Wengine katika makanisa yetu husema: katika Mwanzo sura ya 8 Mungu alimwahidi Nuhu kwamba majira hayatakoma, basi habari hizi ni za kutisha watu. Tunajibu kwamba majira hayajakoma. Kiangazi kipo, mvua zipo, na kitambaa hakisemi kinyume. Kinachosemwa ni kwamba majira hayo yanapita juu ya dunia iliyo na joto zaidi. Ahadi ya Mungu haikutukataza kutazama.

Joto linatoka wapi

Blanketi linafaa kueleza hata jambo hili. Usiku wa Julai mlimani, blanketi halina moto ndani yake. Linazuia tu joto la mwili lisitoke upesi. Hewa iliyoizunguka dunia inafanya kazi inayofanana na hiyo. Jua hupasha ardhi, ardhi hurudisha joto juu, na hewa ya ukaa pamoja na hewa nyingine chache hulizuia sehemu yake. Bila blanketi hilo dunia ingeganda. Shida ni kwamba tumelifanya kuwa zito.

Tuseme hewa ni kitambaa chenye matundu milioni moja. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, matundu 280 hivi yalikuwa ya hewa ya ukaa. Leo yamepita 420. Yaliyoongezeka yametoka hasa kwenye makaa ya mawe, petroli na gesi, na sehemu nyingine kwenye misitu iliyokatwa na kuchomwa. Ni machache kati ya milioni, lakini chumvi nayo ni kidogo ndani ya sombe, na ikizidi kila mtu mezani anajua.

Ni nani aliyeyaongeza? Afrika yote kwa pamoja hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye mafuta na makaa ya mawe duniani. Mama wa Kilembwe anayepika kwa kuni hakuligeuza joto la dunia. Yule bibi anayenong'onwa pembeni mwa kijiji hakuligeuza pia. Kitambaa cha Kongo, cha Uingereza na cha Brazil vyote vinakwenda kwenye wekundu. Hakuna mchawi wa kijiji kimoja anayeweza kufuma kitambaa cha dunia nzima. Tunawaomba wachungaji waseme neno hili waziwazi, kwa sababu kumtwika mtu mvua ambayo hakuifunga ni kumshuhudia uongo. Wanafunzi nao, katika Yohana sura ya 9, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, na Bwana hakuwapa jina la mtu.

Kitambaa cha pili: ziwa

Kilembwe iko mbali na maji, lakini ndagala za Ziwa Tanganyika huliwa hata milimani. Kwa hiyo kitambaa cha pili kinahusu sahani ya nyumbani.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolipita. Chukueni sentimita moja kuwa mita 10. Kitambaa kitakuwa na urefu wa sentimita 147. Sentimita 10 hadi 20 za juu zishonwe kwa buluu yenye kung'aa; sehemu yote iliyobaki iwe nyeusi. Ile sehemu ndogo ya juu ndiyo yenye hewa ambayo samaki wanaweza kuipumua. Chini yake hakuna ndagala wala mikeke. Watoto wakiona jinsi utepe wa uhai ulivyo mwembamba, hunyamaza.

Sasa shoneni nyuzi za kijani zinazoweza kuvutwa kutoka kwenye weusi hadi juu. Hizo ni mbolea ya ziwa. Mabaki ya viumbe huzama na kujikusanya chini. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini huyasukuma maji na kuipandisha sehemu ya mbolea hiyo. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huila, wadudu wadogo wa majini huila mimea, ndagala hula wadudu, mikeke hula ndagala. Lakini maji yenye joto ni mepesi na hukaa juu ya maji baridi. Kadiri maji ya juu yanavyopata joto, ndivyo yanavyokataa kuchanganyika na ya chini. Uzi wa kijani unakuwa mgumu kuvutwa.

Mwaka 2003 wataalamu waliandika katika jarida la Nature kwamba jambo hili limeanza kuonekana katika Tanganyika, na wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yanaweza kuwa yamepungua kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 watafiti wengine walisoma matope ya chini ya ziwa, ambayo hujipanga tabaka juu ya tabaka kama mistari ya kufuma. Katika mabaki ya samaki yaliyomo waliona kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Uvuvi wa kupita kiasi na nyavu zenye matundu madogo vina madhara yao. Lakini mvuvi wa Baraka anayerudi na mtumbwi mtupu asichukuliwe kuwa mvivu.

Kitambaa cha tatu: mvua ya kwetu

Vitambaa viwili vya kwanza hutumia namba za wengine. Cha tatu kinatumia namba zetu wenyewe, na huenda ndicho chenye faida zaidi.

Mwanzoni mwa Mei 2023, mvua kubwa iliangamiza vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika teritwari ya Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa. Wataalamu wa kundi la World Weather Attribution, ambao hupima kama mabadiliko ya tabianchi yamezidisha janga fulani, walilichunguza janga hilo pamoja na mafuriko ya Rwanda. Hawakuweza kutoa jibu. Sababu waliyoitaja ni upungufu wa vipimo vya mvua. Mei 2025 maji yalishuka usiku juu ya Kasaba, katika teritwari yetu ya Fizi, na viongozi walitangaza vifo zaidi ya 100. Watu wetu wanakufa, na hata swali la sababu linabaki bila jibu kwa kukosa namba kwenye daftari.

Kipimo cha mvua si cha gharama. Chukueni chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka. Kateni sehemu ya juu, igeuzeni na kuiingiza mdomo chini, iwe kama mrija. Tieni mawe machache chini ili isianguke, kisha maji mpaka juu ya mawe, mahali ubavu unaponyooka. Hapo wekeni alama ya sifuri. Juu yake bandikeni rula. Wekeni chupa uwanjani, mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa moja, mtu yuleyule asome, aandike, amwage, arudishe maji kwenye sifuri.

Milimita moja ya mvua ni litre moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Paa la kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 likipata mvua ya milimita 50, limepokea litre 10,000, yaani mapipa 50 ya litre 200. Watoto wakifanya hesabu hiyo wataelewa kwa nini mlima uliovuliwa miti hauwezi kuyazuia maji hayo yote. Hewa yenye joto zaidi nayo hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja. Ndiyo sababu siku za ukavu zinaweza kufuatwa na mvua za kupiga kwa nguvu.

Kwa kitambaa, kila siku ni mstari mwembamba: kahawia kwa siku kavu, buluu nyepesi kwa mvua ya chini ya milimita 20, buluu iliyokolea kwa 20 hadi 50, nyeusi kwa zaidi ya hapo. Baada ya miaka michache, wakulima wa mihogo, mahindi na maharagi watakuwa na vitambaa vya kulinganisha: mvua ya Septemba ilianza kweli lini? Ilikatika siku ngapi baada ya mbegu kuingia ardhini?

Mipaka ya somo

Kitambaa cha joto hakiwezi kueleza kila shida. Mlima ukiporomoka, tuulize pia nani alikata miti kwa ajili ya makala, nani alilima mteremko bila kuweka mitaro, kwa nini nyumba zilijengwa kwenye njia ya maji. Joto la dunia limeletwa zaidi na wengine. Uchi wa milima yetu umo mikononi mwetu, hata kama vita na umaskini vimetusukuma. Mwalimu asichanganye mambo haya mawili. Akiyachanganya, watu watajilaumu kwa yale wasiyoyafanya, au watakataa yale wanayoweza kuyabadilisha.

Kwa kuanza, hauhitajiki mradi mkubwa. Kundi la wamama sita, daftari, kroshe, sweta kuukuu tatu au nne na chupa moja vinatosha. Kitambaa kikikamilika, kitundikwe ndani ya kanisa, na wamama waliokifuma ndio wakieleze mbele ya ushirika. Wasisomewe na mwingine. Daftari la mvua liandikwe tarehe kila siku, hata siku ya sifuri, na liwekwe sandukuni pamoja na daftari la ubatizo. Tukihama, liende pamoja nasi.